Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Afya, Elimu na Michezo: Mwalimu wa Mazoezi Anahitaji Sosholojia

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya michezo,
Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania,
na Katibu wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma.

YAH: OMBI LA KUWAFUNGULIA WAHITIMU WA SOSHOLOJIA MLANGO WA KAZI ZA AFYA NA MAZOEZI

Waheshimiwa,

Ninaandika barua hii nikiwa mhitimu wa shahada ya kwanza ya sosholojia, yaani elimu ya jamii na jinsi inavyoyapanga maisha ya watu, ambaye kwa miaka sita sasa ninajipatia riziki kwa kufundisha mazoezi ya viungo katika Wilaya ya Temeke, jijini Dar es Salaam. Wanafunzi wangu wengi ni akina mama wa umri wa miaka 30 hadi 60, na wengi wao waliletwa na maneno ya daktari: punguza uzito, presha imepanda, sukari iko juu. Nimeamua kuandika kwa wazi badala ya kupeleka barua masjala kwa sababu jambo lenyewe linagusa ofisi zenu zote kwa pamoja, na kila ofisi ikilitazama peke yake inaweza kudhani kuwa ni la ofisi ya jirani.

Ninachoomba ni kwamba elimu ya sosholojia itambuliwe rasmi kuwa sehemu ya maandalizi ya mtu anayetaka kufanya kazi ya afya na mazoezi, na kwamba mhitimu wa fani hiyo, akishaongeza mafunzo ya mwili wa binadamu yanayohitajika, asifungiwe mlango kwa sababu ya jina la shahada yake.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye usaili wa nafasi ya mratibu wa mazoezi kwa wagonjwa wa kisukari na shinikizo la juu la damu, katika taasisi moja ambayo sitaitaja. Mzee mmoja kati ya wasaili alifungua vyeti vyangu, akavisoma, akavifunga, kisha akaniambia kwa upole kabisa: “Binti yangu, hii sosholojia ni ya ustawi wa jamii. Hapa tunatafuta mtu anayeujua mwili.” Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo, maana alisema kile ambacho tangazo la kazi lilimwelekeza kukisema. Lakini miaka yote hii nimekuwa nikimjibu moyoni, na barua hii ni sehemu ya jibu hilo. Mwili haujileti wenyewe uwanjani. Unaletwa na mtu mwenye mume, mwenye mwajiri, mwenye nauli au aliyekosa nauli, na mwenye majirani wanaomtazama anapopita.

Darasa langu la kwanza lilianza na akina mama zaidi ya 30, saa 11 alfajiri, katika kiwanja cha wazi kando ya barabara. Mwalimu mwenzangu, kijana aliyebobea katika mazoezi ya misuli na ambaye hadi leo ninamheshimu kwa ujuzi wake, alikuwa ameandaa ratiba isiyo na kasoro ya kitaalamu: kupasha mwili moto, mchakamchaka wa dakika 20, mazoezi ya tumbo na mapaja, kisha kunyoosha viungo. Ilipofika wiki ya tatu walikuwa wamebaki 7. Mwenzangu alihitimisha kwamba wanawake wa mtaa ule ni wavivu na hawajali afya zao. Mimi nilikuwa nimefundishwa chuoni kwamba watu wengi wanapofanya jambo lilelile kwa wakati mmoja, chanzo chake hutafutwa kwanza katika mpangilio wa maisha yao kabla ya kutafutwa katika tabia ya mmoja mmoja. Kwa hiyo nilichukua daftari nikaanza kuwatembelea majumbani, bila dodoso refu, nikiketi nao uani na kuwasaidia kumenya vitunguu huku wakizungumza.

Niliyoyakuta hayakuhitaji utafiti mkubwa, yalihitaji mtu wa kuuliza. Saa 11 alfajiri ndiyo saa ambayo muuza vitumbua yuko mbele ya karai la mafuta, mama lishe anawasha jiko, na mwenye watoto wa shule anawaandaa. Kiwanja tulichokichagua kilipakana na kijiwe cha bodaboda, na kwa mama wa miaka 50 kuruka huku mikono iko juu, akiwa ndani ya suruali ya kubana, mbele ya vijana walio sawa na wanawe wa kuwazaa, hiyo ilikuwa ni fedheha ambayo hakuna maelezo ya daktari yangeweza kuiondoa. Wengine walikuwa na shida nyumbani. Mmoja aliniambia kuwa mumewe alimuuliza anajipunguza kwa ajili ya nani, na tangu siku hiyo aliona ni heri akae na presha yake kuliko kukaa na swali hilo.

Jambo lililonigusa kuliko yote alilisema mjane mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa akija kwa bidii hadi alipokatisha ghafla. Nilimwamkia, tukaketi, akanyamaza kwa muda, kisha akasema: “Mwanangu, mimi nikikonda watasema naumwa.”

Waheshimiwa, naomba tutulie kidogo juu ya kauli hiyo, kwa sababu ndani yake mna historia nzima ya nchi yetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, kabla ya dawa za kufubaza makali ya virusi kuwafikia wananchi wa kawaida, watu waliutambua ugonjwa huo kwa macho, na alichokitambua jicho kilikuwa ni kukonda. Majirani zetu wa Uganda waliupa kabisa jina la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Mama huyu alimzika mumewe katika miaka hiyo. Kwa kizazi chake mwili unaopungua haukuwa habari ya afya, ulikuwa tangazo la msiba unaokuja. Mwalimu wa mazoezi asiyeijua historia hiyo atamsimamisha mbele ya wenzake, atampigia makofi kwa kupungua kilo 8, na kumbe amemtangazia mtaa mzima jambo ambalo mama huyo alitumia miaka 20 kulikimbia.

Upande wa pili wa sarafu hiyo tunaujua sote. Mwanamke aliyenenepa baada ya kuolewa huambiwa amenawiri, ametulia, nyumba imempokea. Mwanamume mwenye kitambi huhesabiwa kuwa mambo yake yamemnyookea. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na ule wa viashiria vya hatari vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 miongoni mwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu na karibu mmoja kati ya 11 ana kisukari. Takwimu hizo husomwa kwenye semina kana kwamba zinahusu kalori peke yake. Mimi ninazisoma pia kama habari za sifa, hofu, heshima na kumbukumbu, na mtu aliyesomea kuzichambua hizo ndiye mnayemwambia kuwa hajui mwili.

Tulichokibadilisha kilikuwa kidogo. Darasa lilihamia saa 10 jioni, ndani ya uzio wa shule ya msingi baada ya wanafunzi kuondoka, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kila mmoja alivaa anachokizoea, dera au kanga juu ya suruali pana. Neno “kupungua” tuliliacha kabisa tukawa tunazungumza habari za nguvu, pumzi na presha kushuka. Badala ya kupasha mwili moto kwa muziki wa kwenye simu, tulitumia mwendo wa mdundiko, ngoma ya Wazaramo ambayo akina mama wale waliicheza tangu wakiwa wasichana na ambayo yenyewe ni matembezi ya kasi yenye mdundo. Kubwa kuliko yote, tuliacha kuunda kikundi kipya. Wengi wao walikuwa tayari kwenye VICOBA, wakikutana kila wiki bila kukosa kwa sababu ya hisa na mikopo, kwa hiyo tuliomba tufanye mazoezi ya dakika 40 kabla ya sanduku kufunguliwa. Mwanachama anayechelewa mazoezi sasa anaulizwa na wenzake, na yule mjane alirudi, kwa sababu alirudi pamoja na wanakikundi waliomjua kwa miaka mingi na ambao wangesimama upande wake mtaa ukianza kunong’ona.

Hakuna hata badiliko moja kati ya hayo lililotoka kwenye kitabu cha anatomia. Ni kweli vilevile kwamba mazoezi yenyewe, yaani jinsi ya kuchuchumaa bila kuumiza goti na muda wa kupumzisha moyo wa mtu mwenye presha, yalitoka kwa yule mwalimu mwenzangu na kwa kozi za huduma ya kwanza na maumbile ya mwili nilizolazimika kuzisoma kwa gharama yangu. Sikuwa na haki ya kumsimamia mtu yeyote kabla ya kuzisoma, na ninasema hivyo bila kuficha, kwa sababu ombi langu lisije likaeleweka kuwa ninataka sosholojia ichukue nafasi ya fiziolojia, yaani elimu ya utendaji wa mwili. Ninataka zikae meza moja.

Anayedhani kuwa sosholojia imejipenyeza katika mambo ya mazoezi juzijuzi tu ningemkumbusha kwamba sehemu kubwa ya elimu ya kisasa kuhusu mazoezi na moyo ilianzia mahali pa kazi, tena ndani ya basi. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta wake walikuwa wameajiriwa na shirika moja na maisha yao hayakutofautiana sana, lakini mmoja alikaa kwenye kiti zamu nzima na mwingine alishinda akipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Makondakta walionekana kupatwa na ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na hata walipopatwa nao haukuwa mkali kama kwa wenzao. Kisha, mwaka 1956, watafiti hao walitazama vipimo vya sare za wafanyakazi, wakakuta kuwa madereva walipewa suruali zenye viuno vipana zaidi tangu wakiwa vijana. Hapo swali likawa gumu zaidi: je, kiti ndicho kilichomnenepesha dereva, au kuna aina ya watu wanaoelekea kwenye kiti na aina nyingine wanaoelekea kwenye ngazi? Hilo si swali la mapigo ya moyo. Ni swali la jinsi jamii inavyowagawia watu kazi, na jinsi kazi inavyowarudia katika miili yao.

Sisi tuna daladala. Dereva wetu anakaa, konda wetu ananing’inia mlangoni, anashuka na kupanda kila kituo na kupiga kelele siku nzima. Baba mmoja, dereva wa daladala, aliletwa kwangu na mkewe baada ya kuambiwa hospitali kwamba afanye mazoezi dakika 30 kila siku na apunguze mawazo. Nilimsikiliza. Anaamka saa 9 usiku ili saa 10 awe barabarani, anaegesha gari saa 4 usiku, na katikati ya saa hizo anatafuta hesabu ya tajiri, mafuta, faini na kilichobaki ndicho chake na konda. Aliniuliza, bila ukali wowote: “Dada mwalimu, hizo dakika 30 nizikate kwenye hesabu ya nani?”

Mwalimu aliyefundishwa kutazama misuli pekee angemwona mkaidi. Mimi nilikwenda naye kituo cha mwisho, nikashinda pale siku mbili nikitazama tu, jambo ambalo chuoni lina jina lake la heshima na linaitwa uchunguzi wa uwandani. Niliona kuwa kila gari husubiri zamu yake ya kupakia kwa dakika kati ya 10 na 15, na kwamba madereva muda huo hukaa ndani ya gari au kwenye benchi la muuza kahawa. Tulizungumza na viongozi wa kituo, na madereva watano wakakubaliana kutembea kwa kasi kuzunguka eneo lile wakati wa kusubiri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na uliondoa sharti la zamani kwamba vipindi vifupi kuliko dakika 10 visihesabiwe. Kwa dereva wa daladala badiliko hilo dogo lina maana kubwa, lakini halimfikii mpaka apatikane mtu wa kulifasiri kwa lugha ya zamu, foleni na hesabu ya tajiri.

Ningependa pia wakubwa wetu wa utumishi wa umma waukumbuke utafiti wa Whitehall ulioanza mwaka 1967 kule Uingereza kwa kuwafuatilia wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali. Wote walikuwa na ajira ya kudumu, na hakuna aliyekuwa fukara wa kulala njaa. Hata hivyo vifo vya ugonjwa wa moyo vilipanda kadiri cheo kilivyoshuka, kiasi kwamba matarishi na wenzao wa ngazi ya chini walikufa kwa ugonjwa huo zaidi ya mara tatu kuliko wakubwa wa juu, na tofauti za sigara, shinikizo la damu na mengine ya aina hiyo zilieleza sehemu tu ya pengo lile. Kazi hiyo, iliyoendelezwa na Michael Marmot, ndiyo iliyofungua njia kwa Shirika la Afya Duniani kuunda tume ya visababishi vya kijamii vya afya, yaani hali za maisha na kazi zinazochangia nani augue na nani awe mzima, mwaka 2005, chini ya uenyekiti wake. Ninaitaja kwa sababu mazoezi makazini yanaanza kupendwa na waajiri hapa kwetu, na ninaona mara nyingi yakipangwa kwa saa ambazo meneja anaweza kuondoka mezani na mhudumu hawezi.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa mafanikio. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo kupitia redio na vikundi vya kusikiliza na kujadiliana iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2. Redio ilitoa somo, lakini kazi yenyewe ilifanyika chini ya mwembe, pale kikundi kilipokaa na kiongozi wake, kikajiuliza habari za malaria, kichocho na kuhara katika kijiji chao, kikaamua nani atachimba choo na lini. Waliobuni kampeni ile walielewa kwamba mtu hubadilika akiwa miongoni mwa watu anaowajua. Leo tunapambana na kisukari na shinikizo la damu kwa vipeperushi na matangazo yanayomlenga mtu mmoja mmoja aliye peke yake na simu yake, na nadhani katika hili tumerudi nyuma ya wazee wetu.

Vivyo hivyo kuhusu Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais mwezi Desemba 2016, alihimiza siku hiyo itumike kwa mazoezi nchi nzima, na miaka ile tuliona watu wa rika zote barabarani. Vikundi vya joging vya Temeke na Kinondoni bado vinaitikia. Lakini ni nani katika halmashauri ana jukumu la kujua kwa nini mtaa huu umeitikia na ule haukuitikia, kwa nini kikundi hiki kina wanaume watupu, na kwa nini mwenye ulemavu hajaonekana hata mara moja? Kazi ya kujua hayo ni taaluma, na wanaoisomea wapo wengi mitaani wakisubiri ajira.

Sasa niseme ninachoomba kwa kila mmoja wenu.

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na kwa Tume ya Vyuo Vikuu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sosholojia na anthropolojia, na kina pia idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, Muhimbili nako kuna wataalamu wa sayansi ya tabia ndani ya skuli ya afya ya jamii, Malya, mkoani Mwanza, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo. Ninaomba iwe kanuni, isiwe bahati ya mwanafunzi mmoja mmoja aliyepata mshauri mzuri, kwamba mwanafunzi wa sosholojia anaweza kuchukua masomo ya maumbile na utendaji wa mwili, lishe na misingi ya mazoezi, yakahesabika katika shahada yake. Na mwanafunzi wa michezo au wa fiziotherapia asihitimu bila kusoma sosholojia ya afya, jinsia na mwili, na bila kufanya mazoezi ya vitendo nje ya ukumbi, mtaani, kwa watu ambao hawana fedha ya kulipia ukumbi.

Kwa wale ambao tumeshahitimu, tunahitaji kozi fupi inayotambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ya miezi sita au tisa hivi, inayomfundisha mhitimu wa sayansi za jamii maumbile ya mwili, huduma ya kwanza, usalama wa mazoezi kwa mwenye presha, kisukari, mimba au umri mkubwa, na mipaka ya kazi yake, yaani wakati gani anapaswa kusimamisha zoezi na kumrudisha mtu kwa daktari. Kozi hiyo ingewalinda pia wananchi, kwa sababu kwa sasa kijana mwenye kifua kipana anaweza kuamka na kujiita mwalimu, akawauzia watu dawa za kuondoa kitambi, wala hakuna anayemuuliza cheti.

Kwa Sekretarieti ya Ajira, ombi ni la mstari mmoja. Pale tangazo la kazi ya uelimishaji afya, uratibu wa magonjwa yasiyoambukiza au mazoezi ya jamii linapotaja shahada zinazokubalika, liongeze maneno “au sosholojia pamoja na cheti cha mafunzo ya mazoezi”. Mmeshafanya hivyo kwa nafasi za maendeleo ya jamii, ambako wahitimu wa sosholojia wanakubalika bila mjadala.

Na hapo ndipo ninapomgeukia Mheshimiwa Waziri wa Afya, pamoja na wenzake wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kata nyingi zina afisa maendeleo ya jamii, na baadhi ya maofisa hao ni watu wa fani yangu. Wao ndio wanaovijua vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, wanajua vinakutana lini na nani anasikilizwa humo ndani. Vikundi hivyo tayari vina kitu ambacho waalimu wa mazoezi tunahangaika nacho usiku na mchana, nacho ni mahudhurio. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa mwaka 2024 nao unawapeleka watu kaya kwa kaya. Afisa mmoja wa kata akipewa mafunzo ya mazoezi na jukumu la kuwaunganisha wahudumu hao na vikundi hivyo, gharama yake haitafanana na gharama ya kumtibu figo mgonjwa mmoja wa kisukari aliyechelewa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na mfuko wowote wa bima utakaoundwa chini yake utakuwa na kila sababu ya kutaka watu watembee kabla hawajalazwa.

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Michezo nina neno kuhusu viwanja. Mahali pa kufanyia mazoezi hapatoki mbinguni, panatokana na uamuzi wa nani anastahili kuwa na nafasi ya wazi karibu na nyumba yake. Anayeishi jirani na Daraja la Tanzanite anakimbia pembeni mwa bahari asubuhi. Anayeishi Mbagala ndani anakimbia kwenye ukingo wa barabara ya malori. Kabla ya kujenga kiwanja kipya, tumeni mtu aliyefundishwa kukaa na watu na kuwauliza nani atakitumia, saa ngapi, akiwa amevaa nini, na nani ataogopa kupita pale jua likizama. Nimeona kiwanja kizuri chenye vyuma vya mazoezi kikiwa hakina mwanamke hata mmoja mwaka mzima kwa sababu tu hakikuwa na taa wala choo.

Nawaandikia pia kwa ajili ya vijana wanaosoma sosholojia sasa hivi na wanaoulizwa na wazazi wao kila likizo kwamba hiyo fani itawapeleka wapi. Kijana aliyejifunza kufanya mahojiano bila kumwaibisha mtu, kusoma takwimu za wilaya bila kudanganyika nazo, kuandika andiko la mradi, na kutambua nani hasemi katika kikao na kwa nini, ana mtaji ambao kumbi za mazoezi, hospitali, kampuni za bima, mashirika na halmashauri zinauhitaji. Kinachomkosa ni ujuzi wa mwili, ambao unafundishika, na karatasi ya kumruhusu, ambayo iko mezani kwenu.

Darasa letu linakutana kila Jumatano na Jumamosi saa 10 jioni, na Jumamosi ya pili ya mwezi tunaungana na vikundi viwili vya jirani na kutembea kwa mdundiko kutoka shuleni hadi sokoni na kurudi. Afisa yeyote kutoka ofisi zenu atakayependa kuja kuona anakaribishwa, bila taarifa na bila itifaki. Aje na viatu vya kutembelea, na akiwa na presha atuambie kwanza.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mhitimu wa sosholojia na mwalimu wa mazoezi,
Temeke, Dar es Salaam.